Mkono Mmoja, Ahadi Tatu

Sogeeni, na mwenye njaa ale kwanza, maana hadithi hii haishibishi. Nimeisimulia misibani, harusini na kwenye foleni ya kusaga mahindi, na kila mahali nimeacha watu wakigombana. Mimi kazi yangu ni kusimulia. Kugombana ni juu yenu.

Palikuwa na watu watatu wa kijiji cha Lihangu, kule kwenye milima ya Umatengo, ambako asubuhi ukungu unaweza kumficha mbuzi uliyemfunga mlangoni mwako mwenyewe. Wa kwanza aliitwa Kastory, fundi redio, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Huyu alijaliwa jicho. Ukimpelekea redio iliyokufa hakukimbilia bisibisi. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena, na mara nyingi akakwambia ugonjwa wake kabla hajaifungua. Wa pili aliitwa Gaudensia, na huyu alijaliwa mgongo. Alipanda mlima na gunia la mahindi huku akiimba, na wanaume waliomtangulia walijifanya wanafunga viatu ili awapite. Wa tatu alikuwa mzee Alanus, fundi cherehani, na huyu alijaliwa mdomo. Alisema tangu anafungua kibanda chake pale njiapanda mpaka anakifunga, na asipopata mtu wa kusema naye, alisema na cherehani.

Katikati yao alikuwepo Kornelia. Kornelia hakujaliwa jicho wala mgongo wala mdomo. Alijaliwa mtoto mmoja wa kike, Otilia, na hadithi hii tutaitazama kutoka mahali aliposimama yeye, ingawa palikuwa pabaya pa kusimama.

Lakini kwanza mjue desturi ya Lihangu, msije mkanikatiza baadaye. Pale mtoto hapelekwi shule na mzazi wake. Siku ya kwanza ya darasa la kwanza, mzazi anaishia njiapanda. Mkono wa mama, wanasema, unavuta kurudi nyumbani, na mtoto aliyeingizwa shule na mkono huo hamalizi hata darasa la tatu. Kwa hiyo hutafutwa mtu mwingine, mmoja tu, amshike mtoto mkono mpaka ndani ya darasa. Huyo huitwa mshika mkono. Shule aliyo jirani nayo ndiyo shule ya mtoto. Jina lake ndilo linaloandikwa kwenye daftari mahali pa mlezi, na mahali hapo pana mstari mmoja. Mtoto akifaulu, anayepigiwa vigelegele ni yeye. Mtoto akiharibu, anayeitwa ofisini ni yeye. Na siku mshika mkono anapozikwa, udongo wa kwanza unatupwa na mtoto aliyeshikwa naye mkono, hata kama marehemu ana wanawe kumi waliosimama kando ya kaburi. Tena hatajwi kwa mtu mwingine yeyote kabla ya siku yenyewe, kwa kuogopa husuda. Hilo la mwisho lishikeni vizuri, ndilo lililomponza Kornelia.

Mume wa Kornelia alifariki mimba ikiwa ya miezi saba. Otilia akazaliwa, akanenepa, akatambaa, akasimama. Lakini hadi anafika miaka mitatu hakuwa ametamka neno. Ukimwita, hageuki. Ukimfokea, anaendelea kuchezea vigunzi vyake. Watu walisema mengi, kama kawaida ya watu. Wengine walisema ni mjinga. Wengine walisema ni jeuri. Baba mkwe wa Kastory, mzee aliyeheshimika kwa mambo ya dawa, alisema mtoto amefungwa ulimi na marehemu baba yake, na akaanza kutaja siku ya kumchanja.

Siku moja Kastory alikuja kumsalimu Kornelia, dada yake wa damu, akiwa na redio aliyotoka kuitengeneza. Akaifungua kwa sauti ya juu kabisa kuijaribu. Kuku walitawanyika, mbwa akabweka. Otilia, aliyekuwa amewapa mgongo, hakutikisika. Mwingine angesema, "Mwone, jeuri huyo," akaendelea na chai yake. Kastory akatazama. Akainuka, akaiweka redio kwenye benchi ambalo mtoto alikuwa ameliegemea. Mtoto akashtuka, akaweka kiganja kwenye ubao, akatabasamu. Kastory akazima. Mtoto akainua uso kumtafuta aliyezima. Akawasha, kiganja kikarudi. Akafanya hivyo mara kumi, na chai ikapoa.

"Kornelia," akasema, "mtoto huyu si mjinga wala hajafungwa. Mtoto huyu hasikii."

"Lakini kaka, wazee wamesema…"

"Wazee wamesema. Mimi nimeona."

Akaenda kumwambia baba mkwe wake hivyo hivyo, mbele za watu, kwamba hakuna wembe utakaomgusa mtoto yule, mtoto apelekwe hospitali. Mzee alijisikia amevuliwa nguo. Jumamosi iliyofuata mke wa Kastory alifunga mizigo akarudi kwao, na mpaka leo ninavyosimulia hajarudi. Kastory hakulalamika. Alirudi kwenye redio zake, akawa anakula ugali wa kujipikia.

Kornelia alitaka kumshukuru, lakini kwa kipi? Mkono mtupu haulambwi, na wake ulikuwa mtupu kabisa. Akamwambia kile alichokuwa nacho: "Kaka, mtoto huyu ni wako. Siku ya shule, mkono wake utaushika wewe." Kastory akatazama pembeni, machozi yakamlengalenga.

Wakapanga safari ya hospitali, lakini masika yakawatangulia. Barabara ikakatika, lori likaacha kuja. Katika mvua hizo sikio la kushoto la Otilia likaanza kutoa usaha, na nyuma yake pakavimba kama yai la kuku. Homa ikampanda mtoto mpaka akawa hajui tena hata kulia. Kornelia mwenyewe alikuwa kitandani na malaria, hawezi kushika kikombe. Kastory alikuwa na mguu wake. Wanaume wawili walioombwa walitoka, wakauona mlima ulivyoporomoka, wakarudi.

Gaudensia alikuwa amekuja kumwangalia mgonjwa kabla mlima haujaporomoka. Alikuwa dada wa marehemu, yaani wifi yake Kornelia na shangazi wa mtoto, na aliolewa huko juu Kilimani, karibu na hospitali ya misheni. Alimtazama mtoto, akamtazama mama mtu, akavua kitenge chake cha juu.

"Wifi, njia haipo," Kornelia akasema kutoka kitandani.

"Njia ipo pale ninapokanyaga. Nifungie vizuri hapa begani."

Kwa kawaida Kilimani ni mwendo wa nusu siku. Gaudensia alilazimika kuzunguka kwa juu, kwenye mgongo wa mlima, siku mbili, mtoto mgongoni na mvua kichwani. Daktari alipompokea alisema, "Mngekuja kesho, mama, mngekuja na maiti." Sikio la kushoto lilikuwa limeshakufa. La kulia liliokolewa nusu, na roho ikaokolewa yote.

Wiki ya pili Kornelia alipata nguvu akawafuata. Alimkuta wifi yake nyuma ya wodi, kwenye karo, akifua vitambaa peke yake. Akainama kumsaidia, akachukua kimoja mkononi mwake. Akaona damu, akaelewa. Gaudensia alikuwa na mimba ya miezi minne ambayo hakuwa amemwambia mtu ila mumewe, na sasa hakuwa nayo. Walifua mpaka maji yakatoka meupe. Ndipo Kornelia akafungua mdomo, na jamani, angesema nini kingine? "Wifi, mtoto huyu ni wako. Siku ya shule, mkono wake utaushika wewe."

Nawaona mnavyotikisa vichwa. Tikiseni. Lakini kila mmoja wenu ajiulize, pale kwenye karo, na kitambaa kile mkononi, angekumbuka kuhesabu ahadi zake?

Mtoto alirudi nyumbani akiwa hai, na nusu ya sikio moja. Lakini mtoto wa miaka minne asiyejua hata kwamba vitu vina majina, nusu ya sikio itamsaidia nini? Alipiga mayowe alipotaka maji, akauma watu alipokosa kueleweka. Kornelia alikuwa akimpeleka shambani, na siku za kuchuma kahawa akamwacha njiapanda kwenye kibanda cha mzee Alanus, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na kivuli.

Mzee Alanus si ndugu yao. Hana damu nao hata tone. Alichokuwa nacho ni maneno mengi na wasikilizaji wachache, maana watu wa Lihangu walishazisikia habari zake zote. Akapata sasa mtu mpya, aliyekaa juu ya debe lililopinduliwa, akimkodolea macho mdomoni. Fundi huyu alikuwa na mazoea ya kubana pini kwa midomo wakati wa kushona. Siku ya tatu aligundua kwamba akibana pini mtoto anakasirika. Akazitoa. Mtoto akatulia. Akazirudisha, mtoto akamrushia kifungo.

"Ahaa!" mzee akasema. "Kumbe wewe unasikiliza kwa macho!"

Tangu siku ile hakubana tena pini. Akawa anaushika mkono wa mtoto, anauweka kooni pake, anainama upande wa sikio la kulia, anasema neno moja: uzi. Anamwonyesha uzi. Uzi. Wateja walisimama na suruali zao mkononi. "Fundi, kesho nasafiri!" "Kasafiri na kaptula," anawajibu, "mimi niko kwenye uzi hapa." Wateja kadhaa wakahamia kwa fundi mwingine. Baada ya miezi mitano na siku zake, Otilia akafungua mdomo akasema, "Uzi." Mzee akacheka mpaka akakohoa, akatoka barabarani kuwatangazia wapita njia.

Likafuata sindano, likafuata kifungo, likafuata pindo. Kornelia alifurahi, na pia aliumia, tusidanganyane. Alikuwa akisubiri neno lake. Neno "mama" lilikuwa la kumi na moja, lilikuja baada ya mkasi. Mzee Alanus alilifundisha siku nzima bila kugusa nguo ya mtu, na jioni Kornelia aliporudi na kikapu cha kahawa, mtoto akasimama juu ya debe akalisema. Kornelia alikaa chini palepale barabarani. Alipoinuka, akamwambia mzee kwa sauti ya chini: "Mzee Alanus, mtoto huyu ni wako. Siku ya shule, mkono wake utaushika wewe."

"Mimi?" mzee akauliza, akamtazama mtoto juu ya debe, akauliza tena, "Mimi?"

Basi, mshika mbili moja humponyoka, na Kornelia alikuwa ameshika tatu.

Miaka miwili ikapita. Otilia akawa anasema vizuri, ingawa kwa sauti ya mzee wa miaka sitini na tano anayebishana na wateja. Mzee Alanus macho yakawa yanafifia, na aliyemtungia uzi kwenye sindano ni Otilia. Mwezi wa kumi na moja ukafika, mwezi wa kuandikisha darasa la kwanza. Kornelia akafikiri hivi: nitakwenda nikazione shule zenyewe. Huenda shule moja ikawa nzuri waziwazi na nyingine mbaya waziwazi, na hapo shule itakuwa imeamua badala yangu. Mnaona alivyokuwa akitafuta pa kujificha.

Akaenda kwanza Shule ya Mtoni, ambako nyumba ya Kastory imepakana na uwanja. Ni saa moja kwa miguu. Mtoto angekula mchana kwa mjomba na kulala nyumbani kila siku. Moyo wake ukaruka. Akachungulia darasani. Watoto walikuwa mia moja na thelathini, wamekaa wanne wanne kwenye madawati ya wawili, na mwalimu alikuwa akiongea huku anaandika, uso kwenye ubao, mgongo kwa watoto. Otilia alimtazama yule mwalimu kisogo kwa muda, akamgeukia mama yake akauliza, "Mdomo wake uko wapi?"

Akaenda Shule ya Misheni, Kilimani kwa Gaudensia. Watoto arobaini, kila mmoja na dawati, uji saa nne, na ng'ambo ya ua hospitali ilipo, ambako daktari alisema lile sikio la kulia lingetazamwa kila mwezi ili lisije likafuata mwenzake. Sista aliyewapokea alisema taratibu, uso kwa uso. Kornelia akaona amefika. Kisha sista akasema, "Kwa umbali huu ataishi kwa shangazi yake, mama. Utamwona likizo." Kornelia akahesabu likizo kwa vidole. Vidole vya mkono mmoja vilimtosha.

Akaenda Shule ya Ng'ambo, upande wa pili wa mto, anakolala mzee Alanus. Kuta zimepasuka, watoto wanakalia matofali. Lakini mwalimu, dada mmoja aitwaye Oliva, alikuwa na kaka kiziwi, na alikuwa na tabia ya kuandika kwanza, kugeuka, ndipo aseme. Aliuliza swali, na Otilia, ambaye hakuwa hata mwanafunzi, akalijibu kutoka dirishani. Darasa zima likacheka, naye akacheka nao. Kornelia hakuwahi kumwona mwanawe akicheka katikati ya watoto. Walipokuwa wakirudi wakavuka mto juu ya magogo mawili. Magogo yale huchukuliwa na maji kila masika yakawekwa mengine, na masika ya mwaka juzi maji yaliyachukua pamoja na mtoto aliyekuwa juu yake.

Kila shule walimu walimwambia Otilia afanye kile wanachofanyishwa watoto kupimwa umri: apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa aguse sikio la kushoto. Alikifanya kwa fahari, maana mzee Alanus alimfundisha, na likawa zoea lake hata akiwa na hofu. Mkono ulilifunika sikio lile lililokufa na kuzidi. "Huyu hata amechelewa," wakamwambia Kornelia kote kutatu. "Usimrudishe kusubiri mwaka mwingine. Aje Jumatatu ya kufungua shule na mshika mkono wake." Mlango wa mwisho wa kujificha ukafungwa.

Jumapili, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, Kastory alikuja baada ya misa akiwa na sweta la kijani la Mtoni, limekunjwa ndani ya gazeti. "Dada, nimepaka chokaa chumba cha mbele. Mtoto akipumzika mchana, aone pasafi." Kornelia akapokea. Akalifungua gazeti, akalikunja tena. "Asante, kaka," akasema.

Mchana akaja Gaudensia, ameteremka mlima mzima, na sweta la Misheni, la rangi ya damu ya mzee. Tangu ule mwaka wa mvua hakuwa amepata mimba nyingine. Alilipima sweta kwenye kifua cha mtoto, akalilainisha mabegani kwa viganja vyake. "Litamtosha mpaka mwakani," akasema. "Asante, wifi," Kornelia akasema.

Jioni akaja mzee Alanus na sweta la bluu. Vifungo vyake alivishona mwenyewe, na viwili vilikuwa upande usio wake, kwa sababu ya macho. "Nahamisha cherehani, Mama Oti. Naiweka nje ya lango la shule. Asubuhi nitamfuata, na magogo tutavuka wote, mimi mbele, yeye nyuma." Kornelia akatazama vile vifungo. "Asante, mzee," akasema.

Mnaweza kumwita mwoga, naye hatakataa. Yeye mwenyewe alijiita hivyo. Lakini nawaomba mnionyeshe ni mlango upi kati ya ile mitatu aliopaswa kuugonga na kusema, "Nimebadili neno langu."

Asubuhi ya Jumatatu ukungu ulikuwa chini. Kornelia alimvalisha mtoto shati jeupe na sketi ya bluu, basi. Masweta yote matatu yalibaki juu ya kamba, na mtoto akatoka akitetemeka. Walipofika njiapanda, ambapo njia ya Mtoni inateremka, ya Kilimani inapanda na ya Ng'ambo inakata kushoto, watu watatu walikuwa wamesimama, kila mmoja kwenye njia yake, wakiamkiana kwa adabu na kushangaana.

"Shikamoo, mzee. Unamsubiri mteja?" Kastory alikuwa akiuliza.

"Marahaba. Namsubiri mwanafunzi wangu. Na wewe?"

"Mimi namsubiri mpwa wangu."

Gaudensia akawatazama wote wawili, kisha akamwona wifi yake anatoka kwenye ukungu na uso ulioinamishwa, na ndiye wa kwanza kuelewa.

"Wifi. Ulimwahidi nani?"

"Wote," Kornelia akasema.

Umande ukawa unadondoka kwenye mikahawa.

Kastory akasema, kwa upole, "Dada, mimi ndiye niliyeona. Nisingeona, leo ana makovu ya wembe na hakuna aliyejua ana ugonjwa gani. Nyumba yangu ilikufa kwa neno lile. Sidai mke wangu. Nadai mkono."

Mzee Alanus akasema, "Uliona, kweli. Ukaona kiziwi. Mimi nilimkuta kiziwi nikamwacha msemaji. Hakuna shule ingempokea mtoto anayeuma watu. Mimi sina damu naye, nakubali, ila kila neno lililo mdomoni mwake lilipita kwanza kwenye koo langu. Mkininyang'anya hilo, hata sindano sitaiona tena."

Wakamgeukia Gaudensia. Yeye hakutaja siku mbili, wala mvua. Alisema tu, "Maiti haioni shule, wala haifundishwi kusema." Kisha akamtazama Kornelia, na Kornelia peke yake ndiye aliyejua kile ambacho hakukisema.

"Mama ndiye mwenye mtoto," Kastory akasema mwisho. "Aseme yeye."

"Nimeshasema," Kornelia akajibu, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. "Nilisema mara tatu, na mara zote tatu nilisema kweli. Sasa mnataka niseme uongo mara mbili? Sijui kwa nani. Mungu wangu, sijui kwa nani."

Akatafuta ndani ya moyo wake hata chembe iliyomzidishia mmoja wao uzito, asiipate. Alifikiria usingizi wa mtoto wake nyumbani kila usiku, ikawa Mtoni. Alifikiria lile sikio lililobaki, ikawa Kilimani. Alifikiria kicheko cha dirishani, ikawa Ng'ambo. Kila alipofika alimkuta mtu mmoja ameshaumia kwa ajili yake na wawili wamesimama wakisubiri kuumizwa.

Ndipo kengele zikaanza. Zile ni rimu za magari zinazogongwa kwa chuma, moja Mtoni, moja Ng'ambo, na kwa mbali juu, ile ya Kilimani, karibu kwa pamoja. Otilia akazisikia kwa nusu ya sikio lake. Akazitazama nyuso nne zilizoinama kuelekea kwake, hakuna mdomo hata mmoja uliokuwa ukisogea, akashikwa na hofu. Akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa akalishika sikio la kushoto, akabaki hivyo. Ule wa kushoto akaunyoosha mbele, kiganja wazi, katikati ya zile njia tatu.

Mkono wa Kornelia ukainuka wenyewe. Akaukamata kwa ule mwingine, akaubana nyuma ya mgongo ndani ya kitenge, maana wa kwake ndio unaorudisha nyumbani.

Mtoto akangoja. Kisha akauliza, kwa sauti ile ya mzee Alanus, wazi kabisa, neno moja:

"Nani?"

Hapo ndipo mimi ninapoishia, na msinitazame hivyo. Msiniambie washikane zamu. Daftari lina mstari mmoja, na udongo wa kwanza hautupwi mara tatu. Msiniambie mama avunje desturi. Kuna mahali niliambiwa hivyo na mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha. Nikamuuliza kama angethubutu kuivunja kwa huyo wake, akamfunika mtoto kwa kanga.

Kengele ya Mtoni imeshanyamaza. Ya Ng'ambo inanyamaza sasa hivi. Mkono wa mtoto bado uko hewani, na asubuhi ni ya baridi, naye hana sweta. Haya, wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe uliyejificha nyuma: ungempa nani aushike?